UCHAMBUZI: Bajeti huamuliwa Agosti, si Juni

Kila mwezi wa Juni Wakenya hutega masikio kumsikiliza Waziri wa Fedha akisoma hotuba ya bajeti Bungeni. Wapiga picha humsubiri mlangoni ili wamnase akiwa na mkoba, nao wananchi husubiri kujua iwapo bei ya mkate, mafuta ya taa na petroli itapanda au itashuka. Hata hivyo, kufikia siku hiyo, sehemu kubwa ya yale yatakayomfikia mtoto wa shule ya umma mtaani Olympic, Kibera, huwa imekwisha kuamuliwa miezi mingi awali, katika ofisi ambazo hazina kamera wala wapiga picha.

Uamuzi huo ni kuhusu tarakimu moja tu: serikali ianze kuhesabu kutoka wapi? Wataalamu wa fedha huiita tarakimu hiyo kiwango cha msingi. Ndiyo inayotumiwa kupima kama wizara fulani imeongezewa pesa, imepunguziwa, au imeachwa ilivyokuwa. Waziri anapotangaza kwamba elimu imeongezewa mabilioni kadhaa, husema ukweli, lakini ukweli huo hutegemea alikoanzia kuhesabu. Akianzia pahali pengine, nyongeza hiyo hiyo yaweza kuwa upungufu.

Swali hili si la wahasibu pekee. Kwa wakazi wa mitaa kama Kibera na Kawangware, mahali ambapo huduma nyingi za umma hazikuwahi kufika kwa ukamilifu, kuanzia kwenye bajeti ya mwaka uliopita ni sawa na kuanzia kwenye upungufu wa mwaka uliopita.

SHILINGI 1,020

Shule ya Msingi ya Olympic, iliyo ukingoni mwa mtaa wa mabanda wa Kibera, ni mfano mwafaka. Kabla ya 2003, shule hiyo ilivuma kwa matokeo mema ya mtihani wa KCPE na kuhesabiwa miongoni mwa shule za umma zilizofanya vyema jijini Nairobi, ingawa wanafunzi wake wengi walitoka katika familia za kipato cha chini. Wakati huo, kama ilivyokuwa katika shule za umma kote nchini, wazazi na serikali waligawana gharama. Serikali ililipa mishahara ya walimu, nao wazazi wakachanga pesa za vitabu, madawati, ukarabati na mengineyo.

Mnamo Januari 2003, serikali mpya ya NARC chini ya Rais Mwai Kibaki ilitimiza ahadi yake ya kampeni na kufuta karo katika shule za msingi za umma. Idadi ya wanafunzi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 mwaka wa 2002 hadi takriban milioni 7.2 mwaka wa 2003. Shule zilizopakana na mitaa ya mabanda, Olympic ikiwemo, zilifurika. Madarasa yalijaa pomoni, na baadhi ya wazazi waliokuwa na uwezo wakawahamishia wana wao katika shule za kibinafsi.

Serikali ililazimika kuamua ni pesa ngapi zingefuata kila mtoto. Tarakimu iliyoafikiwa ilikuwa Sh1,020 kwa mwaka: Sh650 za vitabu na vifaa vya masomo, na Sh370 za matumizi mengine kama vile ukarabati, maji, umeme na mishahara ya wafanyakazi wasio walimu. Mishahara ya walimu iliendelea kulipwa kando kupitia Tume ya Huduma za Walimu (TSC).

Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa kiasi chake, na mamilioni ya watoto walipata nafasi ya kusoma. Hata hivyo, ulikuwa na kasoro mbili ambazo athari zake zingali zinaonekana. Kwanza, michango ambayo wazazi walikuwa wakitoa awali haikuwa katika vitabu vya Hazina. Ilipokoma, shule iliyokuwa ikiitegemea zaidi ndiyo iliyopoteza zaidi, na kiwango kipya cha msingi hakikuonyesha pengo hilo. Pili, Sh1,020 ilikuwa tarakimu moja kwa nchi nzima. Shule ya Kibera yenye watoto waliosongamana na vyoo vinavyotumiwa na maelfu ilihesabiwa sawa na shule yenye uwanja mpana na wanafunzi wachache.

Tangu hapo, tarakimu hiyo iligeuka kuwa msingi wa kila mjadala. Baadaye ilipandishwa hadi Sh1,420, yaani nyongeza ya takriban asilimia 39. Ikitazamwa kutoka Sh1,020, nyongeza hiyo ni nono. Lakini tuipime kwa kipimo kingine. Shabaha ya serikali yenyewe kuhusu mfumuko wa bei ni asilimia tano kwa mwaka. Iwapo bei zingepanda kwa kasi hiyo tu, zingeongezeka maradufu katika muda wa miaka 14 hivi. Maana yake ni kwamba mtoto aliyehitaji Sh1,020 mwaka wa 2003 angehitaji zaidi ya Sh2,000 kufikia 2018 ili anunuliwe vitabu vile vile na chaki ile ile. Kwa kipimo hiki, shule haikuongezewa. Ilipunguziwa, tena bila mtu yeyote Bungeni kupiga kura ya kuipunguzia.

VIANZIO VINNE

Serikali za dunia huchagua mojawapo ya vianzio vinne, au huvichanganya.

Kianzio cha kwanza na kinachotumiwa zaidi ni bajeti ya mwaka uliopita. Afisa huchukua tarakimu ya jana, akaongeza asilimia kidogo, kisha akaipeleka mbele. Mwanazuoni wa Marekani, Aaron Wildavsky, alieleza katika kitabu chake cha 1964 kuhusu siasa za bajeti kwamba hii si ajali wala uvivu. Hakuna serikali inayoweza kupekua kila shilingi kila mwaka, kwa hivyo mabishano huelekezwa kwenye nyongeza ndogo iliyo juu, na sehemu kubwa iliyo chini huachwa bila kuguswa.

Kianzio cha pili ni gharama ya kuendeleza huduma zilizopo. Hapa swali huwa ni pesa ngapi zitahitajika ili kila anayepata huduma leo aipate mwaka ujao kwa kiwango kile kile, ikizingatiwa kwamba watu wameongezeka na bei zimepanda. Nchini Marekani, ofisi ya bajeti ya Bunge, iliyoundwa kwa sheria ya 1974, hutayarisha makadirio ya aina hii kila mwaka. Ndiyo maana wanasiasa wa huko huweza kubishana kuhusu mpango ule ule, mmoja akisema umekatwa na mwingine akisema umeongezwa, na wote wawili wakawa na hesabu sahihi.

Kianzio cha tatu ni sifuri. Kila idara hutakiwa kutetea kila shilingi kana kwamba haijawahi kupewa kitu. Kianzio cha nne ni mahitaji. Serikali huweka kwanza kiwango cha huduma ambacho raia anastahili, kwa mfano mwalimu mmoja kwa idadi fulani ya wanafunzi, kisha ikahesabu gharama yake.

Tofauti kati ya vianzio hivi hudhihirika kwa hesabu nyepesi. Tuchukulie shule ya umma mtaani, si lazima iwe Olympic, ambayo mwaka jana ilipokea pesa za wanafunzi 1,700 kwa kiwango cha Sh1,420. Ilipata Sh2,414,000. Mwaka huu wanafunzi ni 2,000. Afisa anayeanzia kwenye bajeti ya mwaka jana ataongeza asilimia tano na kutangaza kuwa shule imepewa Sh2,534,700, nyongeza ya zaidi ya Sh120,000. Afisa anayeanzia kwenye gharama ya huduma atasema kwamba watoto 2,000 wanahitaji Sh2,840,000 hata kabla ya kufikiria bei, hivyo basi shule ina upungufu wa Sh305,300.

Maafisa wote wawili wamehesabu sawasawa. Wanachotofautiana ni pa kuanzia. Isitoshe, madhara hayaishii hapo. Mwaka utakaofuata, yule wa kwanza ataanza na Sh2,534,700 kama msingi, na upungufu wa leo utakuwa umeingizwa ndani ya msingi wa kesho. Ukiendelea hivyo kwa miaka 10, hakuna atakayekumbuka kwamba upungufu huo uliwahi kuwapo.

Zaidi ya hayo, kuna tofauti kati ya kiwango kilichoandikwa na pesa zilizotolewa. Kwa shule za sekondari za kutwa, kiwango cha Sh22,244 kwa kila mwanafunzi kilianza kutumika 2018. Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge wa kamati ya elimu kwamba serikali haikuwa na uwezo wa kukilipa kikamilifu. Kauli hiyo ilizua kelele nyingi, lakini ilithibitisha tu yale ambayo walimu wakuu walikuwa wakiyalalamikia. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ilikuwa imeonyesha kwamba shule za umma zilikosa zaidi ya Sh100 bilioni katika miaka minne ya kifedha, kuanzia 2020/21 hadi 2023/24, zikilinganishwa na viwango vilivyoidhinishwa.

Hatari iliyopo ni hii: Hazina ikichukua pesa zilizotolewa kuwa msingi wa mwaka unaofuata, badala ya zile zilizostahili kutolewa, basi shule iliyocheleweshewa pesa huadhibiwa mara mbili. Kwanza hukosa pesa, kisha huambiwa kwamba kwa kuwa haikuzitumia, haizihitaji.

WASIOHESABIWA

Tarakimu ya pesa ni nusu ya kiwango cha msingi. Nusu ya pili ni idadi ya watu, na hapa Kibera ina historia ndefu ya utata.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu 800,000, milioni moja au hata zaidi, na kwamba ndiyo makao makubwa zaidi ya mabanda barani Afrika. Matokeo ya sensa ya 2009 yalipotolewa Agosti 2010 na aliyekuwa Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, Kibera ilipatikana kuwa na watu 170,070. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 185,777 katika kaunti ndogo ya Kibra, ilhali Dagoretti, iliko Kawangware, ilikuwa na 434,208, kati ya wakazi 4,397,073 wa Nairobi nzima.

Wapo waliodai kwamba sensa iliwapunja wakazi, na wapo waliosema kwamba idadi ya milioni moja ilivumishwa na mashirika yaliyohitaji ufadhili. Si nia ya makala haya kuamua mzozo huo. Jambo la kuzingatia ni kwamba bajeti haiandikwi kwa makisio ya mitaani. Idadi rasmi ndiyo inayoingia katika fomyula, na itabaki humo kwa miaka 10 hadi sensa nyingine. Mtaa ambao wapangaji wake huhama kila mara, na ambao vyumba vyake huongezeka bila ramani, hupitwa na idadi yake rasmi haraka kuliko mtaa wa watu waliotulia.

Vivyo hivyo ndivyo ilivyo kwa watoto wa shule. Chini ya mfumo wa usajili wa NEMIS, mgao wa serikali ulifungamanishwa na jina la mtoto kuwa katika kompyuta za Wizara ya Elimu, na jina hilo likahitaji cheti cha kuzaliwa. Kusudi lilikuwa jema, kwani kulikuwa na wanafunzi hewa walioandikwa ili kufyonza pesa za umma. Hata hivyo, katika mitaa kama Kibera, ambako baadhi ya watoto huzaliwa nyumbani na ambako jamii ya Wanubi, kwa mfano, imepigania vitambulisho kwa miongo mingi, mtoto halisi asiye na cheti hugeuka kuwa mtoto hewa wa aina nyingine. Yumo darasani, anakalia dawati, lakini hayumo katika hesabu. Shule ikiwa na watoto 300 wa aina hiyo, kwa kiwango cha Sh1,420, hupoteza Sh426,000 kwa mwaka. Watoto hao bado watatumia vitabu, chaki na vyoo vilivyonunuliwa kwa pesa za wenzao.

Kundi jingine ambalo halimo kabisa katika msingi huo ni watoto wa shule za jamii na za kibinafsi za gharama nafuu. Mtafiti wa Uingereza, James Tooley, alifanya utafiti Kibera muda mfupi baada ya elimu ya bure kuanza 2003 na kupata zaidi ya shule 70 za kibinafsi ndani ya mtaa huo. Alidai kwamba sehemu ya ongezeko lililosifiwa katika shule za umma jirani lilitokana na watoto waliohama kutoka shule hizo, wala si watoto ambao hawakuwahi kusoma. Dai lake lilipingwa na baadhi ya wataalamu, lakini funzo lake lina uzito. Ukihesabu kuanzia kwenye madaftari ya shule za umma pekee, mtoto aliyehama huonekana kama mtoto mpya, na mtoto anayesoma kwenye chumba cha mabati kando ya reli huonekana kama hayupo.

HESABU ZA ZAMANI

Msingi unaochakaa si tatizo la shule pekee. Umo hata katika Katiba. Kifungu cha 203 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba kaunti zitapewa si chini ya asilimia 15 ya mapato ya serikali kuu, lakini mapato hayo ni yale ya hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Bunge likichelewa kuidhinisha, msingi unabaki nyuma. Katika ugavi wa mwaka wa 2024/25, hesabu zilizotumika zilikuwa za 2020/21, zilizoonyesha mapato ya takriban Sh1.57 trilioni. Kwa sababu hiyo, asilimia inayotangazwa huonekana kubwa kuliko ilivyo ikilinganishwa na mapato ya wakati huo.

Matukio ya 2024 yalionyesha jinsi upungufu wa muda unavyoweza kugeuka msingi wa kudumu. Kaunti zilikuwa zimetengewa Sh400.1 bilioni. Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 25 na Rais William Ruto kuuondoa Mswada wa Fedha siku iliyofuata, serikali ilipunguza matumizi, na mgao wa kaunti ukateremshwa hadi Sh387.4 bilioni. Mwaka uliofuata, Bunge la Taifa lilipendekeza Sh405 bilioni, Seneti ikadai Sh465 bilioni, na mwishowe pande hizo mbili zikakubaliana Sh415 bilioni.

Fomyula mpya ya kugawa pesa hizo baina ya kaunti ilianza kutumika mwaka huo huo wa 2025/26. Ilizingatia idadi ya watu, umaskini, ukubwa wa eneo na vigezo vingine. Hata hivyo, ilihakikisha kwanza kwamba Sh387.4 bilioni zingegawanywa kwa uwiano wa mwaka uliotangulia. Ni salio tu lililopitishwa kwenye vigezo vipya, baada ya kutengwa kiasi kidogo kwa kaunti zilizohitaji msaada maalum. Kwa maneno mengine, zaidi ya asilimia 93 ya Sh415 bilioni ilikuwa imekwisha kuamuliwa na historia. Magavana na maseneta walivutana miezi kadhaa juu ya sehemu iliyosalia.

Ulinzi wa aina hii una sababu zake. Kaunti ina wauguzi, madaktari na madereva wa ambulensi wa kulipwa kila mwezi, na haiwezi kupunguziwa ghafla bila huduma kukwama. Uingereza nayo imekuwa na utaratibu unaofanana na huo tangu mwisho wa miaka ya 1970. Mgao wa Scotland, Wales na Ireland Kaskazini hubaki ulivyokuwa, kisha huongezwa kwa kufuata idadi ya watu kila England inapoongezewa. Huko pia malalamiko ni yale yale, kwamba msingi wa zamani haujali mahitaji ya leo. Mwenye nacho hulindwa, asiye nacho huambiwa asubiri salio.

KUANZA NA SIFURI

Je, dawa ni kuanza na sifuri? Waziri Mbadi, aliyeingia ofisini Agosti 2024 wakati hazina ikiwa na pengo kubwa, alitangaza kwamba serikali ingeacha desturi ya kuongeza asilimia juu ya bajeti ya jana na badala yake kila wizara ingetakiwa kutetea kila matumizi kuanzia mwaka wa 2025/26.

Wazo hilo si geni duniani. Lilibuniwa na Peter Pyhrr katika kampuni ya Texas Instruments mwishoni mwa miaka ya 1960. Jimmy Carter alilichukua akiwa gavana wa jimbo la Georgia, kisha akalipeleka Washington alipokuwa Rais 1977. Ronald Reagan alipoingia madarakani 1981, utaratibu huo uliachwa. Idara zilikuwa zimezama katika makaratasi, na sehemu kubwa ya matumizi ilibaki ilivyokuwa.

Kenya ina sababu zaidi za kuwa na tahadhari. Kuna matumizi ambayo hayawezi kuanzia sifuri hata Waziri akitaka. Riba ya deni la taifa pekee ilikadiriwa kupita Sh1 trilioni katika mwaka wa 2025/26. Pensheni hulipwa kwa mujibu wa sheria. Mishahara ya walimu, polisi na wauguzi haiwezi kusitishwa Julai mosi ili watetee kazi zao upya. Mgao wa kaunti umewekewa sakafu na Katiba. Ukishaondoa haya yote, kinachobaki kuanzia sifuri ni kile ambacho hakina mkataba wala wakili: vitabu, ukarabati wa madarasa, chakula cha shuleni, dawa za zahanati, miradi ya maji.

Hapo ndipo penye hatari. Deni litaanzia palipo na deni, mishahara itaanzia palipo na mishahara, na mgao wa mtoto wa Olympic ndio utakaotakiwa kujieleza kuanzia sifuri. Bajeti ya aina hiyo yaweza kuwa ya haki iwapo tu inaandamana na kianzio cha nne, yaani kiwango cha huduma ambacho serikali imekubali kwamba mtoto anastahili. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haki hiyo ndiyo ingepaswa kuwa msingi wa hesabu, na si pesa zilizosalia baada ya wengine kulipwa.

Upande wa Hazina una hoja ambayo haifai kupuuzwa. Kuhesabu kwa kufuata mahitaji bila kuangalia mapato ni kuandika ndoto. Pesa zinazokusanywa na Mamlaka ya Ushuru (KRA) zina mwisho, na makadirio ya mapato yanapokosa kutimia, bajeti za ziada hukata katikati ya mwaka. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya serikali inayosema, "Mtoto huyu anahitaji kiasi hiki, tumepata nusu yake, na hili ndilo pengo," na serikali inayosema, "Tumemwongezea mtoto huyu." Ya kwanza huacha deni la wazi ambalo raia anaweza kulidai. Ya pili hulizika.

WAKATI WA KUULIZA

Kalenda ya bajeti imo katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, na yeyote anayetaka kuathiri kiwango cha msingi hana budi kuifahamu. Kufikia Agosti 30, Hazina hutoa waraka unaoelekeza wizara jinsi ya kutayarisha makadirio. Kufikia Septemba 30 hutayarishwa ripoti inayotathmini bajeti ya mwaka uliopita na kupendekeza viwango vya juu vya matumizi kwa kila sekta. Kisha makundi ya sekta huketi na kuandaa vikao vya umma. Kufikia Februari 15, Taarifa ya Sera ya Bajeti huwasilishwa Bungeni, nazo kaunti huwasilisha taarifa zao mwisho wa mwezi huo. Makadirio kamili hufika Bungeni kufikia Aprili 30. Hotuba ya Juni huja baada ya haya yote.

Kwa hivyo mzazi, mwalimu mkuu au diwani wa Sarang'ombe anayengoja Juni ili alalamike kuhusu mgao wa shule huwa amechelewa kwa takriban miezi tisa. Wakati wa kuuliza ni Septemba, na maswali yenyewe ni matatu.

La kwanza: nyongeza hii imehesabiwa kutoka tarakimu gani, ile iliyoidhinishwa mwaka jana, ile iliyorekebishwa na bajeti ya ziada, au ile iliyotolewa hasa? Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, zinazochapishwa kila robo ya mwaka, huonyesha tofauti kati ya hizo tatu.

La pili: idadi ya watu au wanafunzi iliyotumiwa ni ya lini, na nani ameachwa nje? Shule inayoweza kuorodhesha watoto wake wote, wenye vyeti na wasio na vyeti, ina hoja nzito kuliko shule inayosema tu kwamba imefurika.

La tatu: ili kila mtoto aliyeko darasani leo apate mwaka ujao kile alichopata mwaka huu, ni pesa ngapi zinahitajika? Serikali ikitakiwa kuchapisha tarakimu hiyo kando ya ile ya bajeti ya mwaka jana, kwa kila sekta, raia wa kawaida ataweza kuona kwa macho yake mwenyewe kama ameongezewa au amepunguziwa. Tangu 2000/01 Kenya imekuwa ikitayarisha makadirio ya miaka mitatu mitatu, kwa hivyo maafisa wa kufanya hesabu hiyo wapo. Kilichokosekana ni agizo la kuiweka wazi. Bunge lina mamlaka ya kulitoa kupitia kamati yake ya bajeti, hata kabla ya sheria kubadilishwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Sh1,020 ulianza kufunguka 2003, na nyongeza iliyofuata haikutosha kuuziba. Waraka wa Hazina hutolewa kila Agosti, na kwa watoto wa Olympic ndio unaofaa kusomwa kwa makini kuliko hotuba ya Juni.